Livingstone, Ruvuma na Hasira Zangu

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Shule ya msingi nilisoma hapo hapo, na kila asubuhi nilipita mbele ya nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi na kibao kinachoeleza kuwa inadhaniwa David Livingstone alikaa humo kuanzia tarehe 24 Machi hadi tarehe 7 Aprili 1866. Sisi watoto kile kibao hatukukijali. Tuliegemea ukuta wa nyumba tukila embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Darasani tulifundishwa kwamba alikuwa mmisionari na mpelelezi, alipinga biashara ya utumwa, na wapelelezi ndio waliofungua njia ya ukoloni. Unaandika hivyo kwenye mtihani, unapata maksi zako, mambo yanaisha.

Mwaka huu nimerudi kwake kwa sababu nyingine kabisa, na kabla sijasimulia maisha yake itabidi niseme kidogo ya kwangu. Mniwie radhi.

Mwaka wa pili nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu nilimfokea binti wa kidato cha pili mbele ya wenzake. Alikuwa amelalia dawati. Nikamwita mvivu, nikamtoa nje, na hata alipokuwa nje nikaendelea kumsema kupitia dirishani. Mchana mwalimu wa zamu akanieleza kwamba yule mtoto alikuwa na malaria, alitoka zahanati asubuhi ile ile, na amekuja shuleni kwa sababu hakutaka kukosa jaribio langu. Jaribio langu mimi! Usiku nililia mpaka macho yakavimba. Ila kulia kwenyewe hakukuwa kugeni. Hiyo ndo ilikuwa tabia yangu kwa miaka: nawaka, naunguza watu, nalia, nalala siku tatu bila kumsemesha mtu, halafu naamka na nguvu za ajabu, nafua nguo za chumba kizima na kupanga kuandika kitabu. Marafiki niliowapata mwaka wa kwanza walishapungua mmoja mmoja. Bibi yangu alisema nina jini wa hasira, nimemrithi upande wa babu. Hosteli walisema nina matatizo ya haiba, neno walilolitoa kwenye lekcha ya saikolojia ya elimu na kulirusha kama jiwe.

Basi nikaingia maktaba kulitafuta hilo neno. Huko, kwenye rafu ya historia na si ya saikolojia, nikakutana na jina la jirani yangu wa Mikindani. Mwaka 1978 daktari mmoja aliyeishi Rhodesia, Oliver Ransford, alitoa kitabu kizima kuhusu Livingstone akidai kwamba ugomvi wake, ukimya wake, ndoto zake kubwa na huzuni zake vilikuwa na jina la kitabibu. Nilisoma nimesimama mpaka mlinzi akaja kufunga.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland. Familia nzima iliishi chumba kimoja katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 akaanza kazi kiwandani, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, akiunganisha nyuzi zilizokatika chini ya mashine. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Alikiweka juu ya mashine akawa anadonoa sentensi moja moja kila anapopita, na jioni baada ya saa 14 za kazi akaenda shule ya usiku. Mtu anayeanza maisha namna hiyo na akafanikiwa hujifunza jambo moja kwa undani sana: kwamba kuchoka ni uamuzi. Mimi nawajua watu wa namna hii. Baadhi yao ni wahadhiri wetu.

Alisoma udaktari Glasgow, akahitimu mwaka 1840, akasafiri kwenda Afrika Kusini chini ya Jumuiya ya Misheni ya London. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto, na mkono ule haukupona vizuri maisha yake yote. Mwaka uliofuata akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kama mhubiri hakuvuna kitu: aliyembatiza wa maana alikuwa Sechele, mtawala wa Bakwena, naye hakudumu katika masharti aliyopewa. Ila kutembea alijua. Kati ya 1853 na 1856, akiwa na wanaume wa Kikololo waliotolewa na mtawala wao Sekeletu, alitoka katikati ya bara mpaka Luanda kwenye Atlantiki, kisha akageuka mpaka Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Mkewe na watoto alishawapeleka Uingereza mwaka 1852, wakaishi kwa kubangaiza. Aliporudi nyumbani alikuwa shujaa wa taifa. Kitabu chake cha 1857 kiliuza nakala 70,000.

Mpaka hapo hakuna aliyemwita mgonjwa. Na hili ni jambo la kuangalia. Akiwa peke yake na Waafrika aliowategemea kwa chakula na njia, Livingstone alikuwa mpole, mvumilivu, mcheshi hata. Shida ilianza alipopewa timu.

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimpa safari ya Zambezi: meli, fedha, na wenzake Wazungu sita. Mto ule aliuahidi kuwa barabara kuu ya biashara. Alikuwa hajauona wote. Sehemu ya Kebrabasa, ambayo leo ina bwawa la Cahora Bassa, aliikwepa kwenye safari ya kwanza, na humo kulikuwa na maporomoko yasiyopitika kwa chombo chochote. Alipoyaona kwa macho yake hakukubali. Aliandika kwamba meli yenye nguvu zaidi ingepita wakati wa mafuriko. Mtu akishatangaza ndoto yake mbele ya nchi nzima, kurudi nyuma kunauma kuliko kufa.

Ikaanza kazi ya kutafuta wa kulaumiwa. Bedingfeld, ofisa wa jeshi la majini, aligombana naye na kuondoka miezi ya mwanzo tu. Thomas Baines, mchoraji, mtu ambaye kila aliyemjua alimwona mkarimu, alituhumiwa kuiba vitu vya msafara akafukuzwa, wakati alikuwa hoi kwa homa. Alikana mpaka kufa kwake, na hakuwahi kupewa nafasi ya maana ya kujitetea. Aliyechochea moto alikuwa Charles, mdogo wake Livingstone, ambaye katika safari nzima hakufukuzwa kwa kosa lolote.

Halafu kuna Richard Thornton. Huyu ndiye aliyenikalisha chini. Alikuwa mtaalamu wa miamba, na Livingstone alipomfukuza mwaka 1859 alikuwa na miaka 21, yaani mwaka mmoja chini yangu. Kosa lake lilikuwa uvivu. Ukweli ni kwamba alikuwa na homa zisizoisha na vipele vya joto mwili mzima. Unaona ninakoelekea. Kijana huyo mvivu alikwenda zake, na mwaka 1861 akawa na Baron von der Decken kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akipima na kuchora ramani. Baadaye alipatana na msafara wa Livingstone, akarudi kuusaidia, akafa kwa homa mwezi Aprili 1863 hajafika miaka 26.

Wenzake waliobaki walijifunza kumsoma kama wavuvi wetu wanavyosoma upepo wa kusi. Waliandika kwamba akianza kuvumisha wimbo fulani peke yake, kaa mbali, dhoruba inakuja. Akivumisha mwingine, ujue amepata wazo kubwa na mtatembezwa. Kulikuwa na siku alizonyamaza kabisa. Niliposoma hapo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mwenzangu wa chumbani aliwahi kuniambia kwamba anajua siku yangu itakuwaje kwa jinsi ninavyoweka ndoo chini asubuhi.

Sasa tufike kwenye mto wetu. Zambezi ilipomshinda, Livingstone aliona kwamba Ruvuma ndiyo njia: mto usiokuwa mikononi mwa Wareno, labda unatoka Ziwa Nyasa lenyewe. Mwezi Machi 1861 alijaribu kuupanda kwa meli iitwayo Pioneer, akiwa na Askofu Mackenzie wa misheni ya vyuo vikuu. Baada ya maili 30 hivi maji yakaanza kupungua wakageuza. Mwezi Aprili 1862 mkewe Mary, aliyekuwa amemfuata tena Afrika, alifia Shupanga kwa homa. Wenzake waliandika kwamba miaka ya upweke ilikuwa imemfikisha kwenye pombe kupita kiasi. Livingstone alilia kama mtoto. Na Septemba ya mwaka huo huo, miezi mitano tu baadaye, akarudi Ruvuma, safari hii kwa mashua ndogo.

Septemba! Mtu yeyote wa Msimbati au Kilambo angemwambia. Hata leo kivuko cha Kilambo kinasubiri maji ya bahari yajae, maji yakitoka unakaa kwenye mchanga unatazama Msumbiji kwa macho tu. Mwezi wa tisa Ruvuma ni michanga na viboko. Wakaburuta mashua juu ya mafungu ya mchanga siku baada ya siku. Watu wa kando ya mto waliowadhani wafanya biashara ya utumwa waliwarushia mishale. Kiongozi hakutaka kusikia habari ya kurudi. Ndipo John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara, mtu mtulivu aliyevumilia miaka minne bila kugombana naye, aliandika kwenye shajara yake kwamba hana namna nyingine ya kulielewa jambo hili isipokuwa kwamba Livingstone ameharibikiwa na akili.

Walikwenda zaidi ya maili 100, wakakuta mawe, wakarudi.

Kwa hiyo swali la Ransford, miaka zaidi ya 100 baadaye, liliulizwa kwanza hapa kwetu, juu ya mchanga wa Ruvuma, na daktari aliyekuwepo. Jibu la Ransford lilikuwa saiklothimia, yaani hali ambayo moyo wa mtu unapanda na kushuka kwa miaka mingi: kipindi cha nguvu, mawazo makubwa na kujiamini kusiko na kipimo, kisha kipindi cha giza, hasira na shaka juu ya kila mtu. Mwongozo wa kitabibu wa Marekani wa mwaka 1968 uliiweka hali hiyo katika kundi la matatizo ya haiba. Toleo la mwaka 1980 likaihamishia kwenye magonjwa ya hali ya moyo. Yaani mtu yule yule, tabia zile zile, kabati tofauti. Nilipolijua hilo, lile neno la hosteli lilipungua uzito kidogo.

Lakini lisije likapungua mpaka likawa si kitu. Tatizo la haiba ni jambo la kweli, na watu wanaumia kwalo. Sio kuwa na hasira siku ya matokeo, sio kumpenda mtu asiyekupenda, sio kuchelewa kujibu meseji. Ni namna ya kujiona na ya kuhusiana na watu iliyojijenga tangu ujana, inayojirudia nyumbani, darasani, kazini, kwa mpenzi huyu na yule, kwa miaka, na inayomvunjia mtu maisha yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 umeacha orodha nyingi za majina ya zamani. Sasa mtaalamu anaangalia kwanza tatizo ni dogo, la kati au kali, na limedumu kwa angalau miaka miwili, ndipo anaeleza sura yake: je, mtu huyu huzama sana katika hofu na huzuni, hujitenga na watu, hawajali wengine, hutenda kabla ya kufikiri, au hubana kila kitu kiwe sawasawa mpaka hapumui? Mtu anaweza kuwa na sura zaidi ya moja. Na kabla ya yote lazima waondoe sababu nyingine. Livingstone alikuwa na malaria kwa miaka 30, tumbo lililomtesa, na vidonge alivyojitengenezea mwenyewe vya kwinini na dawa za kuharisha. Mtu mwenye homa ya nyuzi 39 si wa kupimwa haiba.

Ndiyo maana mi siamini kwamba mtu aliyekufa mwaka 1873 anaweza kupewa cheti cha daktari leo, hata na Ransford. Kuna hatari nyingine pia. Ukishasema alikuwa mgonjwa, Baines na Thornton wanafutika. Mary anafutika. Robert, mwanawe wa kwanza, aliyekwenda Natal kumtafuta baba yake asimpate, akaishia kupigana vita vya Marekani kwa jina la uongo ili asizidi kuliaibisha jina la familia, akafa kambini mwa wafungwa mwaka 1864 akiwa na miaka 18, naye anafutika. Binti yake wa mwisho alimwona baba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano. Jina la ugonjwa linaweza kueleza. Kulipa deni haliwezi. Yule mtoto wa kidato cha pili hakuhitaji kujua nina nini.

Baada ya likizo nikaenda kutafuta msaada. Mtu wa kwanza niliyemwendea alinisikiliza dakika tano, akaniambia ni presha ya mitihani, nisali na nipunguze simu. Nilitoka pale nimewaka, nikamaliza wiki mbili nikiwaambia watu kwamba hakuna msaada nchi hii. Kwa nini nilirudi kutafuta tena? Kwa aibu, kwa kweli. Nilifika ukurasa ambao Livingstone anasema meli kubwa zaidi ingepita Kebrabasa, nikajiona.

Wa pili alikuwa mtaalamu wa saikolojia tiba katika hospitali ya serikali, mama wa makamo anayeongea taratibu. Nilikuwa naogopa kwamba nikitaja habari hizi nitapelekwa Mirembe, maana kwetu hilo jina la hospitali ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, tunalitumia kutaniana na kutukanana mpaka tumesahau kwamba kuna watu wanakwenda pale wanapona wanarudi makwao. Hakunipeleka popote. Siku ya kwanza hakunipa jina lolote, jambo lililoniudhi kwa sababu nilikwenda na jina langu tayari, nimelijibu maswali 20 kwenye simu. Aliniuliza nalala saa ngapi. Aliuliza habari za thairoidi, akataka nipimwe damu. Aliuliza habari za nyumbani, nani alikuwa anafoka, na mimi nilikuwa najificha wapi. Nilimwambia habari ya jini wa hasira wa babu, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema bibi ameona jambo la kweli, kwamba limetoka mahali na kwamba halikuanzia kwangu.

Tiba ya mazungumzo si kama nilivyoona kwenye filamu, ulale kwenye kochi ulie. Kazi yake inafanana na kusahihisha daftari. Tunachukua tukio moja, kwa mfano siku niliyogombana kwenye kundi la asaimenti, tunalirudisha nyuma hatua kwa hatua: nani alisema nini, mimi nilisikia nini, mwili ulianza kufanya nini, nilikuwa nimekula saa ngapi. Karibu kila mara kuna mahali pale katikati ambapo neno la kawaida mimi nililisikia kama dharau. Hapo ndipo tunakaa. Nikihisi kifua kimepanda natakiwa kutoka nje, ninawe uso kwa maji baridi kabisa, nisiandike meseji yoyote kwa nusu saa. Mambo ya kitoto, ukiyasikia. Baadhi ya mbinu hizi zilipangwa na Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa ajili ya watu ambao hisia zao ni kama ngozi iliyoungua, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana alilazwa hospitali ya akili zaidi ya miaka miwili. Dawa, nilielezwa, haziponyi haiba. Zinaweza kusaidia huzuni au kukosa usingizi vinavyoandamana nayo. Kinachobadilisha ni muda na mazungumzo, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba wengi hupata nafuu, hata wale walioambiwa hawatabadilika.

Jina alilonipa mwishoni sitaliandika hapa. Ni langu.

Nirudi Mikindani. Mwaka 1864 Livingstone alikuwa ameitwa nyumbani, safari ya Zambezi imehesabiwa kuwa hasara. Mwaka 1866 akaletwa tena na meli ya kivita kutoka Unguja. Tarehe 22 Machi wakafika mdomo wa Ruvuma, lakini mikoko ilikuwa mingi mno hakuna pa kushusha ngamia, wakaja ghuba yetu. Jaribu kuwaza: ngamia sita, nyati watatu na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne wanateremshwa Mikindani. Alitaka kuona kama wanyama hao watahimili mbung'o. Mzungu mwenzake hakuwemo hata mmoja. Alikuwa na askari wa Kihindi 13, watu 10 wa Anjouan, vijana 9 waliosomeshwa shule ya Nasik huko India, wawili wa Shupanga na Wayao wawili. Mmoja wa Wayao hao ni Chuma, aliyekombolewa mtumwa mwaka 1861. Mmoja wa Shupanga ni Susi.

Safari ilikuwa mbaya. Wanyama walipigwa na kufa. Mwezi Juni, huko juu Ruvuma, alikuta maiti za watumwa waliofungwa shingo kwenye miti na kuachwa kwa sababu hawakuweza tena kutembea, akayaandika hayo, na ulimwengu ukasoma. Hapo simdai chochote. Watu wa Anjouan walimkimbia, wakafika Unguja wakasema ameuawa. Mwezi Januari 1867 sanduku la dawa likaibwa, na kwa mtu mwenye mwili wake hiyo ilikuwa hukumu.

Mwaka 1868 karibu wote waliobaki walikataa kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu, Chuma na Susi wakiwemo. Ungekuwa mwaka 1859, tungejua kilichofuata: barua ndefu, shutuma, kufukuzwa bila kusikilizwa. Aliporudi mwishoni mwa mwaka huo aliwapokea tena wote. Aliandika kwamba hakuwalaumu sana, walichoka kutangatanga naye pia amechoka, na kwamba kuyajua mapungufu yake mwenyewe kunamfanya awe mpole kwa ya wengine. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi. Hakuwa na mtaalamu wala mazungumzo ya kila wiki. Sijui kilimchukua nini kufika hapo, labda homa, labda makaburi, labda kukaa miaka na watu wasiomwogopa.

Na hakupona moja kwa moja, tusidanganyane. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya tarehe 15 Julai ambapo watu wa wafanya biashara ya utumwa waliwapiga risasi akina mama sokoni. Alikuwa anaandika kwa wino wa matunda ya porini juu ya magazeti ya zamani, na wataalamu walipoyapiga picha kwa mwanga maalumu, matokeo yakatoka mwaka 2011, ilionekana kwamba maandishi yale ya awali yanatofautiana na yaliyokuja kuchapishwa, hasa kuhusu mienendo ya watu wa msafara wake. Na Kirk, ambaye sasa alikuwa Unguja akimpelekea mahitaji, alishutumiwa naye kwa uzembe kwa sababu ya wapagazi wabaya. Stanley, aliyempata Ujiji mwaka huo huo, alirudi Uingereza akayatangaza hayo magazetini. Livingstone alishangaa kusikia Kirk ameumia.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Chuma, Susi na wenzao, wale wale waliokataa na kupokelewa, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna aliyewaamuru. Tarehe 18 Aprili akazikwa Westminster Abbey, London. Kati ya waliosindikiza jeneza kwa kulishika alikuwemo John Kirk.

Nilimwandikia barua yule binti wa kidato cha pili, sasa yuko cha tatu, nikaipitisha kwa mwalimu wake wa darasa. Hajajibu, na mtaalamu wangu anasema si lazima ajibu. Mwezi ujao nakwenda mazoezi ya kufundisha ya mwisho, shule nyingine. Miadi yangu ni kila Jumatano saa 9 alasiri, kwa hiyo wale tunaofanya nao asaimenti ya mitaala, tafadhali msipange kikao muda huo.